Kupanda Kilimanjaro bila kuacha taka: kazi inaanzia sokoni Moshi

Karatasi ya biskuti inayookotwa kambi ya Horombo, juu mlimani, ilinunuliwa Moshi. Iliingizwa kwenye begi jioni ya kuamkia safari na mtu mwenye haraka, na tangu hapo ilikuwa inasubiri upepo tu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa mjini muda mrefu kuliko utakavyokaa mlimani. Ukifungasha vizuri, huko juu hubaki na mengi ya kukumbuka. Ukifungasha vibaya, hakuna nia njema itakayokuokoa ukiwa mita 4,700 na kichwa kinagonga.

Mfano tunaoutumia ni kundi la wapandaji wanne, Watanzania, kwa njia ya Marangu, siku sita: usiku wa kwanza Mandara (mita 2,720), mbili Horombo (mita 3,720), mmoja Kibo (mita 4,700 hivi), kisha kilele cha Uhuru (mita 5,895) na kurudi kulala Horombo kabla ya kushuka getini. Makundi ya namna hii ni mengi zaidi kuelekea Desemba 9, watu wanapopanda kuadhimisha Uhuru. Ukipita Machame, Lemosho au Rongai mambo ni yale yale, isipokuwa unalala kwenye mahema, kwa hiyo mizigo na watu vinaongezeka.

Wiki moja kabla: punguza mzigo, utapunguza watu

Anza na hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Mzigo wa mpagazi, au mgumu kama wenyewe wanavyoitana, hupimwa getini na kikomo chake ni kilo 20. Maana yake kila kilo 20 mnazoongeza zinaongeza mtu mmoja, na mtu huyo atakula mara tatu kwa siku, atahitaji maji, choo na mahali pa kulala kwa siku sita. Unga wake nao unabebwa na mtu. Ukitaka safari yako iwe nyepesi kwa mlima, hapa ndipo pa kuanzia, kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Begi lako la kubebewa lisizidi kilo 15. Nunua au azima mizani ya kushika mkononi, ile ya kuning'iniza, upime nyumbani. Vinavyozidisha uzito mara nyingi ni nguo za pamba (zikilowa hazikauki huko juu), viatu vya tatu, na chupa kubwa za losheni. Jaketi zito, suruali ya kuzuia upepo na soksi za sufu usinunue vipya kwa safari moja. Zunguka mitumba ya Memorial na Kiboriloni mapema, au kodisha Moshi. Kagua zipu na mishono kabla hujalipa, kwa sababu jaketi likichanika karibu na Kibo litaacha manyoya au sponji njia nzima.

Kampuni ya kupandisha ichague kwa maswali haya, na uyaulize ana kwa ana: Wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku, na lini? Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi na wamevaa nini? Nani anabeba taka kushuka, na je, uzito wa taka umehesabiwa kwenye mizigo yake? Swali la mwisho ndilo linalowababaisha wengi. Kampuni nyingi hugawa mizigo kwa kilo za kupanda, zikidhani chakula kikiisha mzigo utapungua. Taka mbichi hazipungui kiasi hicho: maganda yanashika maji, mifuko inalowa. Mtu mwenye njaa, kilo zikiwa zimezidi na malipo hayajulikani yatakuja lini, ataacha mfuko nyuma ya jiwe, na lawama haitakuwa yake peke yake. KPAP, shirika la kutetea wapagazi wa Kilimanjaro lililoko hapo Moshi, hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wafanyakazi wao. Waulize kabla hujatoa malipo ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba kupanda bila kiongozi mwenye leseni hairuhusiwi, na ada za hifadhi hulipwa kwa kontroo namba au kadi. Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa kiwango chake, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisibaki nyumbani.

Siku mbili kabla: sokoni na jikoni

Nendeni sokoni, Mbuyuni au Soko la Kati, mkiwa na ndoo za mfuniko na mifuko ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini. Hivyo viwili watu wameshavizoea. Tatizo lililobaki ni vifungashio vya ndani: pakiti za tambi, viroba vidogo vya sukari, maziwa ya unga ya pakiti ndogondogo, vifuko vya kahawa, glukosi.

Kila kitu kitolewe kwenye kifungashio chake hapa mjini. Mchele, unga, sukari, chumvi, majani ya chai na maziwa ya unga viingie kwenye makopo yenye mfuniko wa kuzungusha au ndoo za lita 10. Bandikeni jina na uzito. Ndoo mbili zinazolingana hubebeka vizuri kuliko kiroba cha salfeti chenye vitu 15 vinavyogongana, na zikiisha chakula ndizo zitakazobeba taka mbichi kushuka bila kuchuruzika mgongoni kwa mtu.

Vipimo vinavyotosha bila kumwaga: mchele mkavu gramu 120 kwa mtu kwa mlo, tambi gramu 100, unga wa ugali gramu 500 kwa mgumu kwa siku. Chakula cha Kibo punguzeni robo. Huko hamu ya kula hupotea kwa sababu ya mwinuko, na sufuria la wali uliobaki mita 4,700 ni taka nzito ya kubeba siku mbili. Supu na uji ndivyo vinavyoliwa hadi mwisho.

Maharage makavu yaacheni. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi: takribani nyuzi 88 Horombo na nyuzi 85 Kibo. Maharage yanaweza kutokota nusu siku yasiive, gesi imekwisha na chakula kimekwenda kwenye ndoo ya taka. Mkiyataka, yachemsheni Moshi yaive kabisa, yaliwe siku ya kwanza au ya pili. Dengu nyekundu zilizobanguliwa zinaiva upesi. Sufuria la presha lina uzito wake, lakini kwa kundi la watu 15, wapandaji na wafanyakazi wao, linaokoa gesi nyingi na tungelibeba bila kusita.

Matunda: parachichi na ndizi za Marangu zinafaa, matikiti maji hayafai kabisa, kwani karibu theluthi yake ni ganda. Karoti na viazi menyeni mjini, mviloweke kwenye maji kidogo ndani ya ndoo kwa milo ya siku mbili za mwanzo. Mayai ya kuchemsha yamenyeni kabla ya kuondoka getini, yaliwe siku hiyo hiyo. Maganda yote yabaki huku chini, yaende kwa mwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) au mwenye nguruwe.

Na sasa lanchi boksi. Kitu hiki kimeleta uchafu mlimani kuliko kingine chochote tunachokijua. Ndani yake mna boksi la juisi na mrija wake, mrija una kifuko chake, kuku amefungwa foili, keki ina karatasi yake, biskuti ina pakiti, chumvi iko kwenye kitishu, na vyote viko ndani ya boksi la karatasi linalolowa na kupasuka. Vipande vinane kwa mtu mmoja, mlo mmoja, na mlo wenyewe unaliwa njiani penye upepo, siyo kambini penye pipa. Watu wanne kwa siku tano ni vipande 160. Mbadala wake ni kontena moja imara kwa kila mpandaji, yenye jina lake, inayojazwa na mpishi kila asubuhi: chapati, yai au kipande cha kuku, ndizi, karanga. Jioni inarudi jikoni kuoshwa. Mwambieni mpishi mapema na kwa uwazi, kwa sababu asipoambiwa ataandaa maboksi kama alivyozoea.

Daftari la taka

Askari wa hifadhi hupima taka za kundi kwa kilo, na ni utaratibu mzuri. Lakini mizani haioni kila kitu. Karatasi ya pipi haina hata gramu moja, ilhali maganda mabichi ya mlo mmoja yana kilo. Kundi linaweza kushusha kilo zote zinazotakiwa na bado likawa limetapanya karatasi 60.

Kwa hiyo hesabuni vipande. Jioni kabla ya safari, mkiwa mmeshafungasha, mtu mmoja aandike kwenye daftari kila kitu kitakachogeuka taka kisichooza: makopo ya samaki 6, betri 8, pakiti za biskuti 12, pipi 40, vifuko vya chumvi ya kuongeza maji mwilini 10, taulo za kike idadi yake. Mtu huyo awe mmoja wa wapandaji, si mgumu wala mpishi. Kila jioni kambini anahesabu vilivyotumika na vilivyorudi. Inachukua dakika tano. Siku ya kwanza watu watamwona msumbufu. Siku ya pili utaona kila mmoja anajipapasa mifukoni kabla ya kuingia kula.

Maji

Kila mtu anahitaji lita 3 hadi 4 kwa siku. Beba chupa mbili ngumu za lita moja na ya tatu ya akiba, zote za kujaziwa tena. Kuanzia Horombo kwenda Kibo kuna mahali pa maji ya mwisho, baada ya hapo ni jangwa la mlima. Kibo yenyewe haina maji, yote hubebwa mgongoni kutoka chini. Kwa wanaopita Machame, maji ya mwisho ni Bonde la Karanga, ndiyo yanayobebwa hadi kambi ya Barafu. Ukijua hivyo hutaomba beseni la kuoga ukiwa Kibo.

Kutibu maji, yachemsheni hadi yatokote vizuri kwa dakika tatu, maana kwa mwinuko huu dakika moja haitoshi. Vidonge vya klorini vinaokoa gesi, ila fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri zaidi ya muda wake: maji ya mlimani ni ya baridi kali na baridi hupunguza kasi ya dawa. Pakiti ikisema nusu saa, subiri saa nzima. Maji yenye matope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu badala ya vijidudu.

Usioge wala kufua kijitoni, hata kwa sabuni inayosemekana haina madhara. Chota, sogea hatua 80 hivi kutoka kwenye maji, tumia beseni, mwaga ardhini pakavu. Mto Karanga unaoanzia huko juu ndio huo huo unaopita Moshi, na mifongo, mifereji ya asili inayomwagilia migomba ya Uchaggani inakingwa kwenye mito ya mlima huu. Unachokimwaga kinashuka kwa watu.

Jiko na moto

Kuni haziruhusiwi na pasiwe na mjadala. Gesi hufanya kazi vizuri hadi Horombo. Kibo, usiku, gesi hupoteza nguvu kwa sababu butani iliyomo haigeuki mvuke ipasavyo kwenye baridi kali. Weka mtungi juu ya ubao, usiukalishe kwenye ardhi iliyoganda, na uuhifadhi ndani usiku. Kamwe usiupashe kwa moto ili kuuamsha. Pikeni ndani ya jiko la kambi tu.

Moto ulioanza Oktoba 11, 2020 eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, uliunguza kilomita za mraba 95 hivi. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema chanzo kilikuwa kupasha chakula. Oktoba 2022 moto mwingine ukawaka upande wa Karanga. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Nyasi na mierika, vichaka vya mlimani, vimekauka na upepo haupungui. Udongo wa pale una mizizi na majani makavu mengi, hivyo moto unaweza kuonekana umezimika huku ukitambaa chini chini. Basi chakula cha mchana kiliwe cha baridi. Anayevuta sigara avutie kambini penye mawe, kipisi akizime kwa maji na kukitia kwenye kikopo chake. Kipisi nacho kiandikwe kwenye daftari.

Njiani

Pita katikati ya njia hata kama kuna tope. Ukikwepa pembeni unakanyaga ukingo, ukingo unamomonyoka, mvua ijayo inapanua mfereji, na anayekufuata anakwepa mbali zaidi. Ndivyo njia moja inavyokuwa tano. Vaa vizuia tope juu ya viatu, uchafuke, upite.

Senesio kubwa, miti ya mlimani utakayoiona karibu na Horombo, zina sketi ya majani makavu kwenye shina. Majani hayo ni blanketi: yanazuia shina lisigande usiku. Usiyang'oe kukalia wala kuwashia kitu, na usiegemee miti hiyo kupiga picha. Inakua polepole mno. Iliyo kubwa inaweza kuwa na umri mrefu kuliko babu yako.

Kima na mbega wa Mandara, na kunguru wenye shingo nyeupe wa kambi za juu, wasipewe chakula hata punje. Kunguru akishazoea anafungua zipu za mabegi na kutawanya taka kilomita nzima. Mfuko wa taka usilale nje. Uwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, na jiwe juu yake.

Choo

Tumia vyoo vya kambi. Penye msongamano, au kwenye njia za mahema, hema la choo la kundi lenu ni gharama inayostahili. Ukibanwa njiani ndani ya msitu, toka hatua 80 mbali na njia na maji, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, fukia. Kuanzia ukanda wa mawe na vumbi juu ya Horombo njia hiyo haifai: udongo ni mkavu na baridi, hakuna kinachooza, na shimo la leo litafumuka kiangazi kijacho. Huko tumia choo au beba.

Toilet pepa hubebwa kila mahali, na waipsi hasa, kwa kuwa nyingi zina nyuzi za plastiki. Taulo za kike vilevile. Kila mtu awe na mfuko wake mweusi unaofungwa kwa zipu, ndani yake vijiko viwili vya majani makavu ya chai au soda ya kuokea. Harufu inapungua sana na aibu inakwisha. Gaweni mifuko hii Moshi, kwa wanawake na wanaume, bila kusubiri mtu aombe.

Usiku wa kileleni

Kutoka Kibo mnaanza safari karibu na saa sita usiku. Hapa ndipo hata mtu makini huangusha vitu: glavu nene, giza, upepo, kichwa hakifikiri sawa. Fungua pipi na chokoleti zote jioni, zikate vipande, uvitie kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko mpana. Karatasi zibaki Kibo kwenye ndoo. Glukosi changanya kwenye chupa kabla ya kutoka. Mfuko mmoja wa jaketi uwe wa taka tu, wenye zipu, na usitie glavu humo, kwani ukizitoa zinatoka na karatasi. Betri za tochi na simu ziwe karibu na mwili; baridi huziua kabla ya wakati, na betri iliyokufa hutupwa kwa hasira.

Bango la Uhuru halihitaji stika, jina lako, kitambaa wala bendera ya kuachwa. Jiwe usichukue. Barafu unayoiona ni kipande kilichobaki: kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu la Kibo lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Ipige picha ukiwa njiani, usiikanyage wala kuivunja.

Kushuka na kumaliza hesabu

Horombo, jioni ya mwisho, linganisheni daftari na ndoo. Kama pakiti tatu hazionekani, tafuteni kwenye mabegi na mifuko ya majaketi kwanza. Mara nyingi zimo. Wakati huo huo gawanyeni upya mizigo kwa mizani yenu, taka zikiwa ndani ya hesabu, ili asibaki mgumu mmoja na ndoo ya kilo 25 kwa sababu tu ni mdogo kuliko wenzake.

Getini taka zikishapimwa, bakshishi itolewe hadharani, kila mtu mkononi mwake, kiasi kikitajwa mbele ya wote. Mkirudi Moshi tenganisheni: makopo na plastiki ngumu vioshwe vipelekwe kwa wanaonunua chakavu, maganda yaende shambani, betri zikae pembeni kwenye chupa kavu yenye mfuniko zisichanganyike na taka za nyumbani. Ndoo zioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani wazi kwa siku nzima, vinginevyo harufu ya samaki itakaa humo hadi safari ijayo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andikeni kilichorudi bila kuliwa na uzito wake, kisha mpeni kundi linalofuata.